Maji Yaliyowasha Taa

Kila mwaka nikifika kwenye somo la elektrolaiti, hukasirika. Wanafunzi wangu hapa Msambweni hawajui sababu. Wao humwona mwalimu amekunja uso, anapanga vikombe vya maji mezani kwa kishindo, nao hudhani labda nimegombana na mume wangu. Maskini mume wangu hana kosa. Kinachonitia hasira ni kile kitaa kidogo, kikianza kuwaka.

Kifaa chenyewe si cha kutisha. Ni fito mbili nyeusi za kaboni, zile zinazotolewa ndani ya betri zilizokwisha, na waya, na betri nzima kadhaa, na kitaa kilichong'olewa kwenye tochi mbovu. Ukizitumbukiza fito ndani ya maji ya mvua, kitaa hakiwaki. Ukitia sukari ukakoroga, hakiwaki vilevile. Lakini tia chumvi kidogo tu, kitaa kitafumbua jicho, na darasa zima litaguna. Hapo ndipo mimi huwaeleza kwamba maji peke yake ni mvivu wa kubeba umeme. Wabebaji ni ile chumvi, ambayo ikiyeyuka huachana vipande vidogo visivyoonekana, kila kimoja na chaji yake, hivi vikivutwa na ufito huu na vile vikivutwa na ufito ule. Chumvi ikiwa nyingi, wabebaji ni wengi. Isipokuwapo, hakuna wa kubeba.

Mara ya kwanza nilikitengeneza nikiwa msichana wa kidato cha pili, wala sikukitengeneza peke yangu. Tulikuwa wawili. Huyo wa pili simtaji jina, na sifanyi hivyo kumsitiri. Jina lake bado linanikaa vibaya mdomoni.

Alikuja kwetu kutoka upande wa Kinango. Baba yangu alikuwa akienda huko mnadani kununua mbuzi, na babake huyu msichana alikuwa mtu wake wa kuaminiana. Ukaja mwaka wa ukame, msichana akawa anakosa shule kwa kutafuta maji, na baba akasema mtoto aje akae nasi, asome na bintiye. Alifika adhuhuri na mfuko mmoja. Hata kabla ya kukaribishwa ndani alikwenda moja kwa moja kisimani, akateka, akanywa, akatua kidogo. "Yana munyu," alisema. Kisha akaijaza kata tena. "Lakini yako karibu." Baba alicheka mpaka akakohoa, na tangu siku hiyo akampenda.

Alisema kweli, maji yetu yana munyu. Kisima kimechimbwa kwenye jiwe la matumbawe, bahari haiko mbali, na maji yana ladha ya chumvi ambayo mgeni huihisi na mwenyeji ameisahau. Maharagwe hayaivi upesi na chai hufanya utando juu. Lakini yananyweka, na hayajapata kukauka hata ukame uwe mkali vipi. Baba alikichimba kwa jasho lake na la vibarua, na kilipotoa maji alifanya jambo lililomshangaza mama. Alibomoa kipande cha ukuta upande wa barabarani, ili mtu yeyote aingie na ndoo yake bila kupiga hodi. Alisema amekitoa sadaka. Atakapokuwa amelala kaburini, kila atakayekunywa atampelekea thawabu.

Jioni tuliyomaliza kile kifaa tulikijaribu kwa maji ya kisima kabla ya kutia chumvi yoyote. Kitaa kiliwaka, hafifu, lakini kiliwaka. Baba aliinama akakitazama kwa muda.

"Kwa hivyo maji yangu yana stima?" aliuliza.

"Si stima, baba," mwenzangu alimjibu. Alikuwa akimwita baba kama mimi. "Ni munyu. Munyu ndio unaobeba. Maji yako ni mazuri, basi tu yamepita kwenye mawe."

Nayakumbuka maneno hayo kama yalivyo. Alieleza vizuri kuliko mwalimu wetu, naye alikuwa bado anavaa viatu vyangu vya zamani.

Baba alipofariki, kisima kikawa kama amekiacha kiseme badala yake. Wanawake wa mtaani wakivuta kamba na ndoo ikitokeza juu, husema, "Mungu amrehemu mwenye kisima." Hakuna aliyewafundisha. Wengine husema wakiwa wameshika simu sikioni, wengine husema huku wakimkemea mtoto, lakini husema. Na mama yangu, jikoni kwake, dirisha likiwa wazi, huitikia amin. Hiyo ndiyo ilikuwa eda yake hasa, naona, na haikwisha ilipokwisha ile ya sheria. Ukitaka kumjua mama yangu baada ya baba, ni huyo hapo: mikono kwenye unga, sikio kisimani.

Mwenzangu alisoma nami mpaka chuo kikuu, kemia hiyohiyo. Mama alimnunulia leso kila aliponinunulia mimi. Mimi niliajiriwa kufundisha, na hata baada ya kuolewa nikabaki kwa mama. Yeye alifanya kazi ya maabara, kisha hoteli moja ya Diani, na mwishowe akaingia kampuni ndogo ya pale Ukunda inayouza mashine za kusafisha maji. Kila Ijumaa alimpigia mama simu kumjulia hali. Sikuwa na dada wa tumbo moja, na sikuona upungufu wowote.

Kwa hivyo aliponipigia mimi akaniambia, "Dada, nikusanyie akina mama wa chama chenu, nina jambo la kuwaonyesha kuhusu maji," sikuuliza maswali mengi. Niliandika ujumbe kwenye kundi la simu. Nilisifu hata. Niliandika kwamba ni binti yetu, mtaalamu wa maji, na kwamba wasikose. Mama alikanda unga wa mahamri.

Siku hiyo nilichelewa shuleni. Nilipofika nyumbani, ua ulikuwa umejaa na kimya. Juu ya meza yetu ya kulia, iliyotolewa nje, palikuwa na bilauri mbili na kifaa chenye fito za chuma kilichochomekwa kwenye umeme wa nyumba yetu. Bilauri moja ilikuwa ya maji ya mashine yake, angavu. Ya pili ilikuwa imegeuka rangi ya kutu, juu ina povu la kijani, ndani yanaelea matope kama ya mtaro. Akina mama walikuwa wamefunika midomo kwa leso. Mama amesimama na sinia la mahamri, hajui ampe nani.

"Haya ni maji ya hapa hapa," mwenzangu alikuwa akisema. "Mmeniona nikiyateka. Mimi sisemi neno. Macho ni yenu."

Kisha akaniona, akayateremsha macho yake.

Nilielewa papo hapo, na nadhani hicho ndicho kilichoniuma zaidi, kwamba sikuhitaji hata kufikiri. Umeme wake ulipita katika maji ya kisima kwa sababu yana munyu, na ulipopita uliutafuna ule ufito wa chuma. Ile kutu ilitoka kwenye ufito. Maji ya mashine yalikuwa yameondolewa chumvi yote, umeme haukupata wa kuubeba, chuma hakikuguswa. Ni kile kifaa chetu cha kidato cha pili, amekitoa kaboni akakitia chuma, akakirudisha katika ua ule ule. Sisemi kisima hakiwezi kuwa na wadudu. Sisi hutia dawa kila baada ya masika, kama wenye visima wote. Lakini kile kifaa hakikupima wadudu wala uchafu. Kilipima munyu, na munyu tuliujua tangu siku ya kwanza.

Nilifungua mdomo. Mama akanigusa mkono. "Mwanangu, mgeni hakatizwi," alisema kwa sauti ya chini. Nami nikanyamaza, maana ni ua wake. Mgeni akala hamri moja, akasifu iliki, akapanga vifaa vyake.

Nilimsindikiza hadi barabarani. Nilitaka kumzaba kofi, nakiri, na nilikamata pochi yangu kwa mikono miwili ili isitokee.

"Umewadanganya," nilimwambia.

"Sikusema uongo hata neno moja. Niliwaambia watazame."

"Lakini unajua kile kilikuwa chuma chako."

"Najua. Ndivyo tunavyofanya kila kisima, dada. Kwenu si kwa kwanza."

"Basi mbona hukubaki hukohuko kwengine? Mbona uje kwa baba?"

Alitazama upande inakotokea tuktuk. "Kwa kuwa hapa wananiamini," alisema.

Hakusema kwa dharau. Alisema kama mtu anayekutajia sababu ya kununua samaki kwa mchuuzi fulani. Mpaka leo nikiwa peke yangu naisikia sauti hiyo, na damu inanichemka upya. Angeniomba radhi pale pale, ningemkumbatia. Mimi ni mwepesi wa hasira na mwepesi wa kuyeyuka, na yeye alilijua hilo kuliko mtu yeyote.

Kuanzia kesho yake kisima kilinyamaza. Hawakususa kwa ubaya. Walikuja wawili watatu, wakateka, na mmoja akamwambia mama kwa adabu, "Shikamoo. Tunatumia kufulia tu siku hizi." Wengine walipita na mitungi yao kwenda kwenye bomba la mbali kule njia panda, wakipita upande wa pili wa barabara. Na anayeteka maji ya kufulia, sijui kwa nini, hamwombei mtu. Labda huona haya kumtaja maiti juu ya maji anayoyaona machafu. Dirisha la jikoni likawa wazi bure.

Jioni moja mama aliniuliza, huku akichambua mchele, "Hivi baba yako aliwanywesha watu kutu miaka yote ile?"

"Hapana, mama. Kutu ilikuwa ya chuma chake."

"Mbona yale mengine hayakugeuka?"

Nilimweleza yote, wabebaji na fito. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Mimi nakuamini," alisema. "Lakini mimi sitoshi. Thawabu ni ya wanaokunywa."

Nikapiga moyo konde. Mwenzangu alikuwa ameahidi kurudi Alhamisi, siku ya mkutano wa chama, kuwasikiliza waliotaka mashine. Niliomba ruhusa shuleni. Nilikuwa dirishani tuktuk ilipomshusha. Alisimama pale kwenye pengo la ukuta aliloliacha baba, akafungua chupa ya maji aliyokuja nayo, akanywa nusu nzima, akafuta midomo kwa ncha ya mtandio, ndipo akaingia. "Shikamoo, mama," alisema. Mama akaitikia marahaba kwa furaha yote, kama hakuna lililotokea.

Safari hii sikungoja ruhusa ya mtu. Akina mama walipokaa nilimwambia achomeke kifaa chake. Sijui alidhani nini, lakini alichomeka. Nikachukua bilauri ya maji yake mwenyewe ya mashine, nikazitia fito ndani, na watu wakaona hayageuki. Kisha nikatia chumvi ya jikoni kwetu, nikakoroga kwa kijiko. Haikuchukua muda. Maji yake angavu yakaanza kutoa uzi wa manjano kando ya ufito, yakawa ya kahawia, yakafanya povu, yakawa mtaro mtupu. Nikautoa ufito, nikauzungusha mkononi mwa kila mmoja wauone ulivyolika.

"Uchafu uko hapa," niliwaambia. "Ni chuma. Munyu ndio uliofungulia umeme mlango. Maji ya kisima yana munyu kidogo, mnaujua, mmeuonja tangu mkiwa watoto. Haya yake hayakuwa nao. Ndiyo tofauti yote."

Mwenzangu alikaa na mikono mapajani. Nami nikauona ua unafunguka. Mmoja akacheka, mwingine akasema, "Kumbe tulichezewa." Kikongwe jirani yetu, ambaye kwa chama ndiye mwenye kauli, akauliza, "Mwalimu, basi maji haya yanyweka?"

"Yanyweka, bibi. Ni yaleyale mliyoyanywa."

Kikongwe akamgeukia mwenzangu. Hakumgeukia kwa ukali. "Wewe mtoto umelelewa nayo, na hiyo elimu unayo. Hebu kunywa tuone, mambo yaishe."

Kabla sijatambua, mama alikwishakwenda kisimani. Nilisikia kamba. Alirudi na kikombe cha bati chenye ua la buluu, ambacho mwenzangu alikuwa akinywea tangu anakuja, na ambacho mama hakuwa amempa mtu mwingine. Alimshikia kwa mikono miwili. Ua mzima ulikitazama kikombe kile, na mimi nikawaza kwamba sasa kumekwisha, atakunywa, atacheka, na mimi nitamsamehe kabla hajakimaliza.

"Nimefunga, mama," alisema.

Ilikuwa Alhamisi, na wengi kwetu hufunga sunna Alhamisi. Nani atamwambia aliyesema amefunga kwamba hakufunga? Saumu ni ya mtu na Mola wake. Hupekuliwi mdomo mbele za watu wazima. Mtu akishasema hivyo, mwenye nyumba huondoa chakula na kuomba samahani, na ukiendelea kumsukuma, mwenye aibu ni wewe. Alijua vizuri. Alijifunza adabu hiyo mezani kwetu. Nilisimama nikiitazama ile chupa yake ikichungulia kwenye mkoba.

"Mungu akutakabalie, mwanangu," mama alisema, akakirudisha kikombe nyuma.

Na basi. Akina mama walikuwa wameona mambo mawili siku hiyo, chuma kinavyolika na kikombe kinavyorudi, na la pili lilikuwa rahisi kulikumbuka. Aliyelelewa na maji yale, mwenye elimu ya maji, hakuyanywa. Walikunja mikeka taratibu. Kikongwe aliniambia mlangoni, "Umesema vizuri, mwalimu," kwa ile sauti ya kumpa mtu pole.

Mwenzangu aliondoka kabla ya alasiri. Mama alikifunika kikombe kwa kawa, akakiweka juu ya meza karibu na mlango wa mbele, na tende kando yake. Nilimwuliza ni ya nini. Alisema kumfuturisha aliyefunga kuna thawabu kubwa, pengine atapitia. Nilitoka nikaenda kufua nguo zilizokuwa safi, kwa hasira.

Ilipoadhiniwa magharibi, kikombe kilikuwa palepale. Mama aliswali, akarudi, akakifunua, akamwagia maji yale kwenye shina la mlimau. Tende akanipa mimi.

Hapo sikuweza tena. "Mama, hakuwa amefunga. Nilimwona akinywa pale ukutani."

"Na mimi nilimwona," mama alisema. "Nilikuwa mlangoni."

"Basi mbona ulimwombea? Mbona umemngoja?"

Aliosha kikombe, akakikausha kwa leso yake, muda mrefu kuliko kikombe kinavyohitaji. "Nilimpa mpaka magharibi arudi," alisema. "Angerudi hata na uongo wake, ningempa maji, angekunywa, yangekwisha."

Hakurudi. Siku ya Ijumaa simu ya mama haikulia, wala Ijumaa iliyofuata. Sasa nasikia amepandishwa cheo, ana gari la kampuni, na visima vya kule Kikoneni navyo vinageuka kutu mbele ya watu. Niliandika malalamiko kwa wanaohusika, nikaambiwa hakuna aliyelazimishwa kununua. Kweli, hakuna. Wanawake wetu wengi hata hawakununua zile mashine. Waliacha tu kunywa.

Siwalaumu sana wao. Yeye ndiye ninayemlaumu, na sitaki kuambiwa nipoe. Huwa najiuliza kama nusu ya maji yaliyo ndani ya mwili wake si ya baba yangu, na nikifika hapo huona nimekuwa mjinga na huacha kuwaza. Kikombe cha ua la buluu kiko kabatini. Mara moja nilitaka kukitupa, mama akanitazama, nikakirudisha.

Siku hizi, alasiri ikishatua, mama hutoka mwenyewe akateka ndoo moja. Hawezi kuivuta yote kwa mara moja, hupumzika katikati, na hataki nimsaidie. Huyamwaga maji kwenye karai kuukuu alilolitegesha chini ya mlimau, kisha husogea kando. Kunguru humiminika kutoka kwenye minazi na paa la jirani, kunguru walewale ambao zamani aliwafukuza kwa kandambili wasimwibie dagaa. Hunywa kwa kugombana, wanayarusha maji huku na huku. Kunguru hawajui kuwa maji yana munyu, na kama wanajua hawajali. Lakini nao hawamwombei mtu. Kwa hivyo mama husimama pale, mkono mmoja ukutani, na kila mara kunguru anapoinua kichwa ili maji yateremke kooni, mama husema badala yake, "Mungu amrehemu mwenye kisima."

Nami, nikiwa nimerudi kutoka shuleni, husimama jikoni dirishani pake na kuitikia amin.